Kuishi Ghorofa ya Juu Isiyo na Lifti Nairobi: Anza na Maji

Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga katika mitaa ya Nairobi kama Pipeline, Umoja, Kayole, Zimmerman au Roysambu hukuta kwamba majengo mengi yana ghorofa tano, sita au hata saba, na kwamba njia ya kufika juu ni ngazi tu. Nyumba za juu aghalabu hukaa wazi kwa muda mrefu kuliko za chini, na kwa sababu hiyo kodi yake huwa nafuu kidogo, tena hupata mwanga na hewa ambavyo mpangaji wa chini, aliyebanwa na ukuta wa ploti ya jirani, havipati mchana kutwa. Anapoonyeshwa nyumba kama hiyo, mpangaji hujiuliza kwanza iwapo miguu yake itaweza. Naona hilo si swali la kwanza. Miguu ya mtu mwenye afya huzoea ngazi baada ya wiki chache, lakini hakuna anayezoea kukaa ghorofa ya sita bila maji, na wengi ninaowajua waliohama nyumba za juu walihamishwa na mfereji mkavu wala si maumivu ya magoti. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji, na ndiyo yanayopewa nafasi kubwa zaidi.

Jinsi maji yanavyofika juu

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, nayo husambazwa katika mitaa mingi kwa mgao, kila mtaa ukiwa na siku zake. Katika ploti iliyojengwa kwa mpango mzuri, maji ya mgao huingia kwanza katika tangi la chini, kisha pampu huyasukuma hadi matangi yaliyo juu ya paa, na kutoka huko huteremka yenyewe nyumba kwa nyumba. Katika ploti nyingine bomba la barabarani limeunganishwa moja kwa moja na mifereji ya nyumba, na hapo ndipo shida ya mpangaji wa juu inapoanza. Kuyainua maji mita 10 kunahitaji presha ya takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Ikiwa kila ghorofa ina kimo cha mita 3 hivi, maji yanahitaji karibu baa 1.5 ili yafike tu ghorofa ya tano, kabla hata hayajatoka mferejini. Presha ya mtaani ikishuka, wa chini hujaza ndoo zake huku wa juu akisikia hewa ikifoka kwenye bomba.

Usitosheke, basi, na jibu la ajenti kwamba maji si shida. Mtafute msimamizi wa ploti, umwulize tangi la chini lina ujazo gani, matangi ya paa ni mangapi na yanahudumia nyumba ngapi, pampu huwashwa saa ngapi, na umeme ukipotea siku nzima kuna jenereta au hakuna. Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika, kwa kuwa stima zikipotea siku ile ile ya mgao, maji hujaa tangi la chini na kubaki huko, na mpangaji wa juu atateremka na ndoo kuyafuata ingawa bili anayolipa ni ile ile ya wenzake.

Kisha panda mwenyewe hadi ghorofa unayoitaka, na uende Jumamosi asubuhi, wakati nyumba nyingi zinafua. Tazama milango ya ushorobani kabla hujauliza neno. Ukiona kila mlango una jerikeni tatu au nne za manjano zimepangwa ukutani, vifuniko vikiwa vimefungwa kwa mifuko ili visipotee, tayari umejibiwa. Ukimkuta jirani, msalimie na umwulize bila kuzunguka: "Habari yako, dada. Nataka kuhamia hapa. Maji hufika siku gani?" Jibu la aina ya "Jumanne na Ijumaa usiku, na ukilala umeyakosa" lina thamani kuliko ahadi yoyote ya ofisini, maana limetoka kwa mtu anayeamka saa nane za usiku kuyangoja.

Ghorofa ya mwisho kabisa ina tatizo lake la pekee ambalo wapangaji hawalitarajii. Kwa vile tangi liko juu kidogo tu ya dari, maji huwa yameteremka mita moja au mbili tu yanapofika bafuni, na presha yake ni hafifu. Shawa ya umeme huwaka pale tu maji yanapoisukuma kwa nguvu ya kutosha. Yasipoisukuma, utapata maji baridi yanayodondoka, hata kama shawa yenyewe ni mpya. Fungua shawa siku ya kuiangalia nyumba, usiishie kwenye mfereji wa jikoni. Tazama dari pia, hasa pembeni, kama ina madoa ya hudhurungi au rangi iliyobabuka, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei hupenya zege lisilozibwa vizuri, na anayeathirika ni wa juu. Nikishauri mtu achague kati ya ghorofa ya mwisho na ile iliyo chini yake, kwa kodi moja, humwambia achukue ya chini yake bila kusita.

Ploti yenye kisima cha kuchimbwa kwa mashine ina nafuu ya kuwa na maji siku zote za wiki. Hata hivyo, maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi. Nyumba yenye watoto wadogo, ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka, inafaa kutumia maji hayo kwa kufua na kuoga, na kutafuta mengine ya kunywa.

Kuhifadhi maji ukiwa juu

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 pamoja na uzito wa plastiki yake, na familia inayotumia jerikeni nne kwa siku ina kilo 80 za kupandisha kila siku mfereji unapokauka. Hesabu hii ndogo ndiyo inayonifanya nisisitize kwamba maji ya juu yapandishwe na bomba, nayo yahifadhiwe yanapokuja, badala ya kutegemea mabega ya mtu. Nunua pipa lenye kifuniko, la lita 100 au zaidi kulingana na nafasi, pamoja na mpira wa kutoka kwenye mfereji hadi pipani ili usilazimike kuinua ndoo. Liweke bafuni au jikoni, karibu na ukuta, kwenye sakafu iliyo sawa. Usiliweke kwenye roshani. Pipa la lita 200 lililojaa lina uzito wa zaidi ya watu wawili wazima waliosimama mahali pamoja usiku na mchana, na roshani nyingi ni bamba la zege lililoning'inia nje ya jengo bila nguzo chini yake.

Maji ya kunywa yatengwe katika chombo chake, yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kama kifurushi kinavyoelekeza, na yatekwe kwa kikombe chenye mkono mrefu au kwa mfereji mdogo wa chombo, ili mikono isiguse maji. Pipa lioshwe kabla ya kila mgao. Maji ya kusuuzia nguo yasimwagwe, kwa kuwa ndiyo ya choo, na yakitumiwa hivyo hupunguza mzigo kwa kiasi ambacho familia nzima huanza kukiona baada ya siku chache.

Lipo jambo moja linalowagombanisha majirani kuliko jingine lolote. Mfereji ukikauka mchana, mtu huufungua, haoni kitu, anatoka kwenda kazini na kuusahau ukiwa wazi. Maji yanarudi alasiri, sinki lina vyombo vilivyoziba tundu, na kufikia jioni jirani wa chini anatazama tone likishuka kwenye waya wa taa yake sebuleni, godoro limelowa, na mlango wa juu umefungwa kwa kufuli. Kabla ya kutoka nyumbani siku ya mfereji mkavu, geuza kila mfereji upande wa kufunga, hata ule unaoamini kwamba hukuugusa, na uhakikishe kwamba sinki halina kitu. Zaidi ya hayo, uliza koki ya kufungia maji ya nyumba yako iko wapi, na umwachie msimamizi au jirani unayemwamini namba yako ya simu.

Ikibidi ununue maji ya mkokoteni, patana na kijana anayeyaleta bei ya mlangoni kwako, wala si ya barabarani, na mtaje ghorofa kabla hajaanza kujaza. Ukiyabeba mwenyewe, jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni salama kwa mgongo kuliko moja ya lita 20 inayokuvuta upande mmoja.

Siku ya kuhamia

Pima ngazi kabla ya kupima sebule. Upana wa ngazi zenyewe si kipimo cha kutosha, kwa kuwa vitu hukwama pale zinapopinda, mahali ambapo kochi refu lazima ligeuzwe huku likipanda. Pima upana wa mpindo huo, urefu kutoka sakafu hadi dari yake, na upana wa mlango wako, kisha ulinganishe na kochi, kabati na friji. Ikiwa bado hujanunua makochi, mwombe fundi, awe wa Gikomba au wa kandokando ya Ngong Road, akutengenezee ya vipande vinavyoungana na yenye miguu inayofunguliwa. Fundi wa Nairobi ameshazoea ombi hilo. Kitanda kifunguliwe kabisa, na parafujo zake zitiwe katika mfuko mdogo unaofungwa kwenye ubao wa kitanda hicho hicho.

Bei ya wapagazi huenda kwa ghorofa, na ugomvi mwingi wa siku ya kuhama huzuka kwa sababu mwenye mizigo alisema "ni juu kidogo tu" alipokuwa akipiga simu. Taja ghorofa, taja vitu vizito kimoja kimoja, na mkubaliane bei kabla gari halijapakiwa. Uhamie asubuhi, kabla watoto hawajarudi kutoka shuleni na kabla ngazi hazijajaa watu, na ikiwa ni Aprili au Novemba uwe na turubai, kwa sababu ngazi nyingi ziko wazi upande mmoja na mvua huziloanisha.

Friji inastahili uangalifu wake. Toa rafu na droo zake, funga mlango kwa kamba, na isafirishwe ikiwa wima. Ngazini wanaibeba watu wawili, mmoja chini na mmoja juu, na wa chini ndiye anayebeba uzito mwingi na ndiye anayepaswa kutoa amri. Wanapofika kwenye mpindo utamsikia akisema, "Simama hapo, ndugu. Usivute. Nikisema pandisha ndipo upandishe," na yule wa juu, mgongo wake ukiwa umegusa ukuta na kidole kimoja kikitafuta mahali pa kushika, anangoja. Katika dakika hiyo mwenye mali akae kimya, asipite kando yao, wala asisimame nyuma ya yule wa chini. Friji iliyolazwa njiani isiwashwe mara moja. Isimamishwe saa kadhaa ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kuna mtindo wa kuvuta makochi kwa kamba kupitia roshani yanapokataa kupita ngazini. Mimi siupendi, maana barabara za mitaa yetu hazikosi mtoto anayepita chini. Ikiwa hakuna njia nyingine, pawepo mtu chini wa kuzuia wapita njia, kamba ziwe mbili na kila moja ifungwe kwenye mbao za fremu wala si kwenye kitambaa au mguu wa kochi, na hakuna anayevuta aliyeegemea reli ya roshani. Reli hizo zilichomelewa za kumzuia mtu asianguke, hazikukusudiwa kubeba mzigo.

Kupanda na kushuka kila siku

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mgeni aliyetoka Mombasa au Malindi atahema ngazini kuliko alivyotarajia, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi. Apande polepole siku za mwanzo, apumzike kwenye mpindo, na asijilinganishe na wenyeji. Kwa kila mtu, kukanyaga kipandio kwa wayo mzima ni bora kuliko kukanyaga kwa vidole, na kushuka ndiko kunakoyaumiza magoti zaidi na ndiko kunakoangusha watu, hasa wenye malapa yaliyolowa. Unaposhuka, mkono mmoja uwe huru kushika reli. Maumivu ya kifua, au kuhema kusikokoma hata baada ya kuketi, si dalili ya ugeni wa ngazi, na mwenye nayo aende hospitali.

Ununuzi ugawanywe. Kila anayetoka kazini apitie sokoni na kupanda na kitu kimoja au viwili, badala ya familia kungoja Jumamosi na kubeba kila kitu kwa pamoja. Beli ya unga ina pakiti 12 za kilo mbili mbili, yaani kilo 24, na bei yake ni nafuu kuliko kununua pakiti mojamoja. Ukiinunua, mwenye duka la karibu kwa kawaida hukubali kijana wake akupandishie, hasa ukiwa mteja wa kila siku. Mfuko wa mgongoni ni bora kuliko mifuko ya mkononi. Weka pia kikapu kando ya mlango kwa ajili ya vitu vinavyosubiri kushuka, kama viatu vya fundi, chupa za kurudishwa na taka, ili asiwepo mtu anayeshuka mikono mitupu.

Kikapu cha kamba kinachoteremshwa kutoka roshani hadi kwa mama mboga aliye chini ni msaada mkubwa kwa mzazi mwenye mtoto mchanga. Mama anatuma pesa kwa M-Pesa, anachungulia na kuita, "Mama, nimetuma hamsini, niwekee sukuma na nyanya," mama mboga anatazama simu yake, anaweka, anatikisa kamba mara mbili, na kikapu kinapanda. Kamba iwe ndefu kuliko kimo cha jengo ili ncha yake ibaki imefungwa ndani, mizigo iwe myepesi, na kamwe visiwekwe vitu vya kioo wala vya moto.

Kuhusu gesi, nashauri kuwa na mitungi miwili ya kilo 6 badala ya mmoja wa kilo 13. Mtungi wa kilo 13 ukijaa huwa na uzito unaokaribia maradufu ya gesi iliyomo, kwa kuwa chuma chenyewe ni kizito, na gesi ikiisha saa mbili za usiku chakula kikiwa jikoni hakuna wa kuuteremsha. Wenye mitungi midogo miwili hubadilisha papo hapo na kuujaza uliokwisha kesho yake. Mtungi ubebwe wima, usibiringishwe kwenye ngazi, na kijana aliyeuleta aufunge mbele yako, kisha upake povu la sabuni kwenye kiungo. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hukaa karibu na sakafu, kwa hiyo ukiinusa fungua milango na madirisha, funga mtungi, na usiguse swichi yoyote. Usiingize jiko la makaa ndani ya nyumba hata kwa baridi ya Julai, kwa sababu hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini.

Taka zichujwe maji kabla ya kufungwa, maana mfuko unaovuja humwaga uvundo kwenye ngazi za watu wote, nazo zishuke siku ya gari la taka, si kabla. Mita ya tokeni za umeme mara nyingi iko chini, katika sanduku la mita za ploti nzima. Hakikisha kwamba ndani ya nyumba kuna kifaa cha kuingizia zile tarakimu 20, na ikiwa hakipo, nunua tokeni kabla ya giza.

Watoto na hatari ya moto

Roshani ya ghorofa ya nne na mtoto wa miaka mitatu ni vitu vinavyohitaji jicho la mtu mzima wakati wote. Pima reli: iwe juu kuliko kifua cha mtoto wako mkubwa, na nafasi kati ya chuma na chuma iwe finyu kiasi kwamba kichwa cha mdogo hakipiti. Reli zilizolazwa kwa mlalo ni ngazi kwa mtoto, zifungwe wavu. Usiweke kiti, jerikeni iliyogeuzwa wala beseni la nguo karibu na reli au dirisha, kwa sababu mtoto husukuma kitu hadi pale anapotaka kuchungulia. Watoto wanaocheza ngazini wafundishwe kupisha mizigo kwa kusimama upande wa ukuta.

Moto hupanda, na moshi hutangulia. Ngazi ndiyo njia yenu ya pekee ya kutokea, kwa hiyo baiskeli, magunia na makochi mabovu yanayoachwa ushorobani ni jambo la kuzungumzwa na majirani wote kwa upole na kwa uthabiti, hata kama mwenye mali ni mtu mnayeheshimiana. Jua kama mlango wa paa hufungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa nani. Geti la chuma la mlango wako liwe na ufunguo unaoning'inia mahali pamoja, panapofikiwa gizani, na kila aliye nyumbani, pamoja na msaidizi wa nyumba na watoto wanaoweza kufungua, apajue. Moshi ukiwa tayari umejaa ngazini, msishuke kuupitia. Fungeni mlango, zibeni sehemu ya chini kwa nguo zilizolowa, mwende dirishani na kupiga simu 999 au 112.

Wagonjwa, wajawazito na wazee

Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inataja haki ya makazi yanayofikika na ya kutosha, na kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, na bado wako wazee katika mitaa yetu ambao hawajakanyaga ardhi kwa majuma, si kwa kuwa ni wagonjwa mahututi, bali kwa kuwa ngazi zimewashinda. Familia inayompokea mzazi kutoka mashambani kwa ajili ya matibabu ifikirie jambo hili kabla ya basi kufika. Mara nyingi ni afadhali mzazi alale kwa ndugu anayeishi chini, hata kama nyumba ni ndogo, kuliko ghorofa ya tano yenye nafasi.

Ikiwa lazima mzee akae juu, kliniki zake zipangwe siku moja, pawe na kiti kimoja imara cha kupumzikia kwenye mpindo wa katikati, mkiwa mmewaarifu majirani ili kisiondolewe, na dawa zake zinunuliwe kabla hazijakwisha. Mjamzito asibebe maji wala gesi. Wiki za mwisho mkoba wake ukae tayari mlangoni, na dereva wa teksi wa karibu awe ameonyeshwa lango lenyewe, kwa sababu ploti za Nairobi hufanana na gizani ni rahisi kupotea. Namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ya dharura ni 1199. Unapopiga, taja mtaa, alama iliyo karibu, jina la ploti na ghorofa, na useme wazi kwamba hakuna lifti, ili waje na watu wa kutosha.

Mgonjwa asiyeweza kutembea, lakini ambaye hajaumia shingo wala uti wa mgongo, anaweza kuteremshwa kwa kiti imara chenye mgongo. Mfunge kwa leso (khanga) kifuani na kiunoni, uso wake uelekee chini anakoenda. Mmoja ashike mgongo wa kiti kwa juu, mwingine ashike miguu ya mbele kwa chini, na wa tatu atangulie akisafisha njia na kuhesabu vipandio kwa sauti. Kiti kiinamishwe nyuma kidogo wakati wote, na kila mpindo wapumzike hata kama hawajachoka. Aliyeanguka na kuumia shingo au mgongo asiguswe hadi wahudumu wafike.

Na ukiona kwamba mtu wa nyumbani mwako ataendelea kuwa dhaifu, zungumza na mwenye nyumba mapema kuhusu kuhamia chini katika ploti hiyo hiyo. Wenye nyumba wengi hukubali dipoziti ihamishwe badala ya kulipwa upya, kwa kuwa hawapotezi mpangaji, lakini nyumba za chini hutoka kwa nadra na huchukuliwa siku ile ile. Andikisha jina lako kwa msimamizi, mkumbushe kila unapolipa kodi, na umwombe akupigie simu kabla hajaweka tangazo la nyumba langoni.